Siku Bwana Nyati Alipopata Ndugu Wengi

Paukwa!
Pakawa!
Unga?
Wa mwenye shamba!
Pumba?
Za mwenye jasho!
Na ngano?
Ya aliyetwanga!

Haya, hapo sawa. Wewe unayetafuna karanga, tafuna polepole. Ninayetaka kuwasimulia habari zake ni mdogo na sauti yake ni ndogo, usije ukamfunika.

Hapo kale, tena si kale sana, kulikuwa na nchi ya wanyama yenye shamba moja tu. Shamba lenyewe lilianzia mtoni, likapanda kilima, likashuka upande wa pili, na lote lilikuwa la Bwana Nyati. Alilirithi kwa baba yake, Mzee Nyati. Mzee Nyati alilimaje shamba lote lile? Alikuwa na kamba. Kamba ndefu ya ukindu. Alipita nayo porini, na kila mdogo aliyemkuta alimfunga. Akamfunga Panya, akampa jembe. Akamfunga Kanga, akampa jembe. Akamfunga Digidigi, akamfunga Kobe, wote akawapa majembe. Wakalima. Wakapalilia. Wakavuna. Wakatwanga, tu! tu! tu! Unga ukaingia kwa Mzee Nyati, pumba zikabaki kwao.

Na alikuwa na mdomo mtamu, yule mzee! Hakuwaita watumwa hata siku moja. Aliwaita wanangu. "Wanangu, amkeni! Wanangu, shikeni majembe! Wanangu, nani amekaa?" Ukimsikia kwa mbali ungedhani ni baba wa watu.

Basi mwaka mmoja, mtama ukiwa umetoa mashuke, kamba ikafunguliwa. Sheria ilikuja kutoka mbali, msiniulize ilipita njia gani. Mzee Nyati akatoka nje, akakohoa, akasema, "Haya, nendeni." Wakatazama kushoto, shamba la Nyati. Wakatazama kulia, shamba la Nyati. Waende wapi? Wakaokota majembe yao wakarudi kulima, safari hii bila kamba, kwa pumba zile zile.

Mzee Nyati akafa. Mwanawe akakalia kiti. Wale waliofungwa nao wakafa mmoja mmoja, wakabaki watoto wao na wajukuu wao. Aliyeijua ile kamba kwa ngozi yake akabaki mmoja tu, Bibi Kobe. Gamba lake lilikuwa na mfereji pale kamba ilipokuwa ikipita, na mvua ikinyesha maji yalifuata mfereji huo huo.

Sasa anaingia mdogo wangu. Sange. Mnamjua Sange? Yule mnyama mdogo kama panya, pua ndefu, pua yenyewe haitulii, ch-ch-ch inanusa huku, ch-ch-ch inanusa kule. Babu yake naye alifungwa kamba ile. Sange alikuwa na maneno mengi na mzaha mwingi, na wakubwa walikuwa hawampendi kwa sababu hizo zote mbili.

Siku moja akamkuta Bibi Kobe kwenye kinu, anatwanga kwa shida. Tu... tu... tu...

"Shikamoo, Bibi. Mbona hupumziki?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Nitapumzika siku gani? Nionyeshe siku yangu ilipo."

Sange akacheka. Bibi hakucheka. Akaulaza mchi chini.

"Sikiliza," akasema. "Mama yangu alifia kwenye kinu hiki. Alikuwa anatwanga, akaanguka, pu! Mzee Nyati akasema, 'Mfukieni upesi, mtama unasubiri.' Wakamfukia. Mimi nikapewa mchi wake, bado una joto la mikono yake. Nikatwanga. Hatukukaa matanga, mjukuu wangu. Hakuna aliyefiwa kule akakaa matanga. Mkeka haukutandikwa hata mara moja. Sasa nimezeeka, nataka siku. Siku moja kwa mwaka, ile ile kamba ilipofunguliwa. Mchi ulale, mikeka itandikwe, tuwalie watu wetu. Nikifa kabla haijapatikana, mama yangu hatakuwa na wa kumlilia. Niliyebaki ni mimi."

Pua ya Sange ikatulia. Nawaambia, ilitulia. Akaenda moja kwa moja kwa Kadhi Korongo, yule anayesimama kwa mguu mmoja, na Kadhi akaitisha baraza kwenye uwanja wa kupuria mtama.

Wakaja wote. Bwana Nyati akaja wa mwisho, akachukua nafasi ya watu kumi.

Kadhi akasema, "Bibi Kobe anaomba siku ya kukumbuka mwisho wa utumwa. Semeni."

Digidigi akaruka. "Siku ipatikane! Iwe ya ngoma! Tucheze mpaka vumbi lifike mawinguni!"

Kanga akasema, "Ngoma utakula? Siku nzima bila kazi ni siku nzima bila pumba. Mimi nina vifaranga."

Panya akasema, "Na Tumbili je? Babu yake ndiye aliyekuwa akishika ncha ya pili ya kamba. Naye akae mkekani na sisi?"

Wote wakageuka kumtazama Tumbili. Maskini, akajikuna kichwa mpaka nywele zikasimama. "Sikuwa nimezaliwa," akasema taratibu. "Lakini nimeambiwa, na si uongo. Mkinipa ukingo wa mkeka nitakaa. Msiponipa nitasimama."

Walibishana hivyo, huyu akitaka hiki na yule kile, mpaka Bwana Nyati akapumua. Fuuu! Vumbi likaruka.

"Siku nzima!" akasema. "Nani atapalilia? Nani atatwanga? Nani atanichotea maji ya kuoga?"

"Wewe," akasema Sange.

"Nani amesema?"

"Upepo, Bwana."

Watu wakachekea viganjani. Bwana Nyati akapandisha kifua. "Na hiyo siku mnataka kukumbuka nini? Utumwa? Utumwa gani? Hapa hapajawahi kuwa na mtumwa. Baba yangu alikuwa na roho nzuri. Walikula kwetu. Walilala kwetu. Walikuwa watoto wake! Nimemsikia kwa masikio yangu akiwaita wanangu. Sasa leo mnataka kumchafulia jina kaburini."

Bibi Kobe akafungua kinywa, akakifunga. Ukiambiwa usoni kwamba yaliyokupata hayakukupata, unaanzia wapi kujibu? Mimi mwenyewe sijui.

Lakini pua ya Sange ilikuwa imeanza tena. Ch-ch-ch. Ch-ch-ch. Akapanda juu ya kinu ili aonekane.

"Bwana Nyati, umesema neno kubwa. Hebu lirudie, Kadhi alisikie vizuri. Walikuwa nani?"

"Watoto!"

"Wa Mzee?"

"Wa Mzee!"

"Watoto kabisa, au watoto wa mdomoni?"

"Watoto kabisa! Kama mimi!"

"Kama wewe?"

"Kama mimi hivi!"

Kadhi Korongo akashusha mguu wa kulia, akainua wa kushoto. Katika nchi ile Kadhi akibadilisha mguu, jambo limeandikwa kichwani mwake na halifutiki. Bwana Nyati alilijua hilo tangu utotoni, lakini siku hiyo alikuwa anajisikiliza mwenyewe, na mtu akishaanza kujisikiliza haoni miguu ya watu.

"Basi, Kadhi," akasema Sange, "siku hatuitaki tena. Tunashukuru. Shikamoo, Bwana Nyati."

Lo! Watu walipigwa na butwaa. Bibi Kobe akarudisha kichwa ndani ya gamba. Walipotawanyika Digidigi akamvamia Sange njiani. "Umetuuza! Kwa nini? Umepewa kibaba cha unga?"

"Kesho asubuhi njooni na mikeka," akasema Sange. "Na wewe Digidigi, unajua kulia?"

"Kulia kwa nini?"

"Tumefiwa na baba."

Kulipokucha Bwana Nyati alikuwa anasubiri maji yake ya kuoga. Maji hayakuja. Akasikia kelele.

"Baba yetu eee! Baba yetu ametuacha! Yuuuwi! Yuuuwi!"

Akatoka mlangoni. Wadogo wote wa nchi walikuwa wanaingia uani kwake, Panya na jamaa zake, Kanga na vifaranga, nungunungu, pelele, kindi, kila mmoja na mkeka kichwani. Wakatandika. Pa! Pa! Pa! Wakajaza ua, wakajaza ukumbi, wengine wakapita mpaka chumbani. Digidigi alilia kuliko wote. Alijigaragaza, akafuta pua kwenye pazia.

"Kuna nini?" akanguruma Bwana Nyati.

"Pole, Kaka," akasema Sange.

"Kaka?"

"Pole kwa msiba wa baba. Baba alipofariki ulikaa mkekani peke yako. Sisi wanawe tulikuwa tunachimba kaburi na kuchota maji. Ni aibu kubwa, Kaka, watoto wasiomkalia matanga baba yao. Tumekuja kuiondoa aibu."

Sasa mwelewe vizuri. Matanga hayafukuzwi. Unaweza kumfukuza mgeni, unaweza kumfukuza hata shemeji, lakini aliyekuja kumlilia baba yako utamwambia nini? Bwana Nyati akabaki amesimama mlangoni, pembe zinagonga mwimo.

"Lakini mtama umeiva!" akasema. "Nani atafukuza ndege?"

"Sisi wafiwa, Kaka. Mfiwa atatokaje mkekani? Na wewe pia umefiwa. Keti."

Akaketi. Angefanyaje?

Tumbili peke yake ndiye hakukaa. "Mimi si mtoto, mimi jirani," akasema, "na majirani ndio wanaopika." Akafungua ghala la Bwana Nyati, akatoa unga. Unga, jamani, unga mweupe, si pumba! Akasonga ugali, akapika na kisamvu. Vifaranga wa Kanga walikula mpaka wakalala na tonge mdomoni. Kanga akawatazama, akasahau kulia kwa uongo, akalia kweli.

Kila mara Bwana Nyati alisikia shambani, vuuuu! Kwelea wameshuka. Vuuuu! Wamehamia upande wa pili. Kila mara aliinuka, na kila mara sauti ikamwambia, "Kaka, unakwenda wapi? Baba atakuonaje?"

"Kaka, nipishe nipitie."

"Kaka, chumba changu ni kipi?"

"Kaka, yule Baba alikuwa anakoroma kama wewe?"

Matanga yakafika mwisho, na siku ya kuyaanua akaja Kadhi Korongo mwenyewe, amevaa kilemba. Akawapa pole. Akasema, "Sasa, kama ilivyo ada, marehemu ameacha nini, na amewaacha akina nani?"

"Ameacha shamba," akasema Sange, "na ametuacha sisi."

Bwana Nyati akashituka. "Sisi nani?"

"Wanawe," akasema Kadhi. "Ulisema wewe mwenyewe uwanjani. Watoto kabisa, kama wewe. Nilibadilisha mguu." Akatoka na miguu yake mirefu kupima shamba, na Bwana Nyati nyuma yake, na wadogo wote nyuma ya Bwana Nyati. "Hapa mpaka hapa, Digidigi. Hapa mpaka hapa, Nungunungu. Hapa mpaka hapa, Kanga. Hapa mpaka hapa, Panya. Hapa, ndugu yake Panya. Hapa, ndugu yake mwingine. Hapa, mwingine tena." Na mnawajua akina Panya walivyo wengi. Kadhi aligawa mpaka akavuka kilima, akagawa mpaka akarudi mtoni. Halafu akamgeukia Bwana Nyati.

"Wewe Nyati, fungu lako limebaki hili. Kuanzia hapo uliposimama," akasema, "mpaka hapo uliposimama."

Bwana Nyati akatazama kwato zake. Mbili zilikuwa zimekwisha kukanyaga kwa Panya.

"Si wanawe!" akapiga kelele. "Baba alizaa mtoto mmoja tu, mimi!"

"Walikuwa nani basi?" akauliza Sange.

"Walikuwa... wageni! Ndiyo, wageni!"

"Mgeni wa kufungwa kamba?"

"Walikuwa majirani wanaosaidia!"

"Jirani akichoka huenda kwake. Hawa walikwenda wapi?"

"Walikuwa vibarua!"

"Haya, Kadhi, andika hilo, nasi tutauliza ujira wa baba zetu ulikokwenda."

"Usiandike!" Bwana Nyati alikuwa anatoka jasho, pembe zinameta. Akatazama kilima. Akatazama mto. Aliona shamba lote linamtoka, na mimi nawaambia, shamba ndilo alilolipenda kuliko baba, kuliko jina la baba.

"Walikuwa watumwa!" akasema. "Mmesikia? Watumwa! Watumwa wa baba yangu!"

Tumbili alikuwa amekuja na mwiko mkononi. Akauacha ukaanguka.

Bibi Kobe akatoa kichwa polepole kutoka kwenye gamba. Akasogea, hatua kwa hatua, watu wakampisha, mpaka akafika mbele ya zile kwato.

"Sema tena, Bwana," akasema. "Taratibu. Mimi masikio yangu mazito."

Na Bwana Nyati, sijui ni uchovu, sijui ni macho ya yule bibi, akainamisha kichwa chake kikubwa. "Walikuwa watumwa, Bibi," akasema. "Kamba ilikuwa inaning'inia nyuma ya mlango. Nilikuwa mdogo. Nilikuwa naichezea."

Kadhi Korongo akashusha mguu wa kushoto, akainua wa kulia. "Basi hawarithi," akasema. "Shamba linabaki lilipokuwa. Lakini kama utumwa ulikuwapo, ulikuwa na mwisho wake, na siku ya mwisho wake inajulikana. Kila mwaka mtama ukitoa mashuke, mchi utalala. Hakuna atakayetumwa, hakuna atakayemtuma mwenzake."

Digidigi akamvuta Sange pembeni, machozi ya hasira yanamtoka. "Tulikuwa tumeshapewa! Kipande changu kilikuwa na mnazi! Umeliachia shamba zima kwa ajili ya siku moja!"

"Ningelishika shamba," akasema Sange, "Bibi angeitwa mtoto wa nani? Wa yule aliyemfunga kamba?"

Digidigi akageuka kumtazama Bibi Kobe.

Kwa maana Bibi alikuwa ameomba mkeka. Wakamtandikia pale pale, katikati ya mtama ulioliwa na ndege. Akakaa. Kwanza alikaa tu, kama mtu asiyejua kilio huanzia wapi. Halafu akasema, "Mzee Nyati alimwita Tabu. Kwao aliitwa Sekela. Mama yangu aliitwa Sekela." Na akalia. Alilia kilio cha mtoto mdogo, bibi mzima yule, kwa sauti, bila kujificha, na hakuna aliyemwambia nyamaza. Sange alikaa karibu naye akamshika mguu. Panya akataja jina la bibi yake. Kanga akataja la babu yake. Tumbili aliitwa akaja, akapewa ukingo wa mkeka. Digidigi naye akataja jina, akalia, na safari hii hakufuta pua kwenye pazia la mtu.

Siku ile ilipokuja mara ya kwanza, Bwana Nyati hakuja mkekani. Alijifungia ndani, akajaribu kutwanga mwenyewe, tu! aaa, ukwato! Mwaka wa pili alikuja akasimama mbali. Wakamwambia, "Keti au ondoka, unatuzibia jua." Akaketi.

Na shamba? Shamba lilibaki kwa Bwana Nyati. Msinikodolee macho, sikuligawa mimi. Nimesikia Sange bado analizungukia, pua ch-ch-ch, lakini mpaka naondoka kule alikuwa hajaniambia anawaza nini.

Ngano yangu nimeitua. Mwenye bega imara aibebe, aliyechoka amwachie mwenzake.

Sasa funzo, maana najua mnasubiri funzo. Wajukuu, mkiwa wakubwa msiwaite watu wanangu mbele ya Kadhi. Mambo ya kale yaacheni, yanatia watu jasho bure. Na msije mkasumbuka kudai siku. Siku moja ni kitu gani? Hailiwi, haivaliwi, haijazi hata kibaba. Ni kitu kidogo kabisa. Ndiyo maana Bwana Nyati alikuwa radhi kuwa na ndugu mia kuliko kuitoa.